Ndege Waliopanda Mlima na Sisi Tulioambiwa Tushuke

Mgeni rasmi, Bwana Mkuu wa Wilaya, Daktari Khalayi, mtafiti wetu wa ndege, Chifu, wazee, akina mama na vijana, hamjambo.

KARIBU
Barabara ya huku ni mbovu, na kipande cha mwisho umekipanda kwa miguu. Sisi tumefurahi sana, hata kama viatu vyako havikufurahi.

TULIKOTOKA
Zamani tulilima chini, upande wa Mraru. Ukame ulipokausha kisima na mahindi yakafia shambani, tulipanda hapa juu kwenye baridi, pembeni mwa msitu.

KAZI YETU NA DAKTARI
Tangu mwaka wa 1995 tunamsaidia Daktari kutega nyavu. Ndege akinaswa anapimwa, anavishwa pete mguuni, anaachiliwa. Asubuhi za kazi hatuchomi takataka, na kuku wote hufungiwa. Jogoo wa Mzee Mulei alitoroka akanaswa, na mzee akakataa kumpokea bila pete. "Na huyu pia ni mkaaji wa hapa," alisema. Akavishwa.

Daktari amegundua kwamba joto linapanda mlima na ndege wanalikimbia. Yule mdogo mwenye mduara mweupe machoni, tunayemwita Miwani, zamani alionekana mpaka kule chini mtoni. Sasa yuko hapa tu, na juu ya hapa hakuna mlima mwingine. Mama Ndeti aliuliza, "Kwani walianza kupanda lini?" Daktari akamjibu, "Mama, ni kama wakati ule mlipopanda ninyi." Siku hiyo tulicheka.

SHIDA
Mwezi uliopita Chifu alitusomea ilani. Ripoti ya ndege imefika ofisini, na ofisi imeamua tuhame kabla ya Krismasi ili Miwani apate nafasi. Hatukuambiwa twende wapi. Daktari alilia mbele yetu. Yeye hakuandika tufukuzwe, wala hatumlaumu, lakini tumeumia, na watoto wanauliza kama tupande maharagwe au tusipande.

MAOMBI
Kwanza, ripoti isomwe yote. Kuna sehemu inayosema chemchemi za chini zimekauka, nayo haikusomwa barazani.

Pili, tuwekewe mpaka wa msitu, tuulinde sisi wenyewe. Miche ya miti ya kienyeji tumeshaotesha, utaiona nyuma ya kanisa. Habari ya barabara tulitaka kuitaja, lakini hiyo inaweza kungoja.

Tatu, kama ni lazima tushuke, tuonyeshwe maji kwanza.

Mgeni rasmi, hatumchukii Miwani. Alikimbia joto, akapewa msitu. Sisi tulikimbia joto hilohilo, tukapewa ilani.

Mungu akufikishe Wundanyi salama, aibariki nyumba yako, na siku utakaporudi utukute hapa.

Ni sisi,
Kikundi cha Wakulima na Walinzi wa Ndege, Mraru Juu.

Imesomwa na Nasambu Wanyonyi, katibu, 1999.