Siku Nilipobaki na Mkutano wa Mtu Mmoja

Ndugu zangu, nashukuru kwa kunipa nafasi. Mimi ni seremala kutoka upande wa Nyakach. Vita vya Wajerumani vilipokwisha, watu wa kanisa letu walinichagua niongoze mazungumzo ya kujenga shule. Nadhani walipenda sauti yangu, maana kweli ni kubwa!

Mimi nilitaka shule ijengwe kwenye tambarare, kando ya njia. Mama mmoja mjane akasimama, akasema, "Mwenyekiti, pale maji hujaa wakati wa masika."

Nikawaka. "Wewe umewahi kujenga nini? Kaa chini!"

Hakukaa. Alichukua kigoda chake akaenda zake, na wengine wakamfuata. Jumapili iliyofuata nilipiga kengele hadi mkono ukauma. Akaja mke wangu peke yake. Akaketi mbele yangu, akasema, "Haya, Mwenyekiti, fungua mkutano."

Mnacheka? Mimi siku ile sikucheka. Niliona aibu, nikaenda kwa yule mama nikamkuta akianika samaki. Nikamwomba radhi.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini unatuuliza maswali, kisha unatukaripia tukijibu. Ukikasirika, sema umekasirika, halafu mwache mtu amalize."

Tukakutana tena. Nawaambia, hatukufika mbali. Mzee mmoja akaninyooshea kidole: "Unataka shule kwenye tambarare kwa sababu ni karibu na kwako!"

Masikio yangu yakapata moto. Nikashika benchi, nikasema, "Jamani, nimekasirika. Ngojeni kidogo." Nikavuta pumzi. "Mzee, sema tena, pole pole, nikusikie vizuri."

Akasema tena. Na nilipomsikiliza, nikaona hakunisingizia. Nikajibu, "Ni kweli, Mzee. Ni karibu na kwangu."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na yule mama ndiye aliyecheka kuliko wote. Siku hiyohiyo tukakubaliana kujenga kule mwinukoni, maji yasikofika. Masika yalipofika, tambarare yote ikawa ziwa, na watoto wetu walikuwa juu wakisoma, wakavu kabisa.

Namshukuru mama yule, namshukuru mzee, na mke wangu aliyekuja peke yake. Ninyi mnaoongoza vikundi, hasira itakuja tu. Mimi bado hunijia. Ikija, waambieni watu wazi, kisha mwombeni aliyewaudhi arudie neno lake. Huenda ndilo mlilokuwa mnalihitaji. Ero kamano, asanteni sana.