Natabo Akuam na Ghorofa la Wazee wa Bulla Pesa

Salaam aleikum na habari za jioni, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni redio karibu kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Natabo Akuam wa Bulla Pesa, hapa Isiolo. Mama Natabo alizikwa Jumamosi. Ndiye yule mama aliyepinga ghorofa la wazee.

Alizaliwa kijijini Gotu. Ukame ulipomaliza mbuzi wa baba yake, alikuja mjini akiwa msichana. Akauza makaa, akapata ploti, akajenga vyumba vya kupangisha. Bintiye Sharon anasema kuta zile alizikandika mwenyewe. "Akipita alizipapasa," anasema Sharon, "kama mtu anayempapasa ng'ombe wake."

Kisha ugatuzi ukaja, Isiolo ikawa makao ya kaunti. Ploti ambazo hakuna aliyezitaka zikaanza kuulizwaulizwa. Asubuhi moja Mama Natabo aliwakuta vijana wakipiga alama nyekundu ukutani kwake. Aliwauliza ni nani amewatuma. Wakasema wametumwa tu.

Wiki hiyo hiyo chifu akaita baraza. Mgeni mwenye viatu visivyo na vumbi akaeleza mradi: ghorofa la wazee peke yao, orofa saba, lifti, na muuguzi chini. Wazee watoe ploti, wapewe vyumba. Watu wakagawanyika pale pale. Wengine walisema maendeleo yamefika. Wengine waliuliza mbona lisijengwe nje ya mji, kwenye nafasi tele. Mama Natabo alijiuliza moyoni: watu walioshindwa kutuletea maji ya mfereji, leo wanatuletea lifti?

Wa kwanza kuunga mkono alikuwa Mzee Hersi, dereva wa malori mstaafu, jirani yake, ua tu ukiwa kati yao. Marehemu mkewe, Habibo, ndiye aliyempokea Sharon siku alipozaliwa. Mama Natabo alimtazama Hersi akisema ndiyo, akakata shauri: huyu amenunuliwa.

Salamu zikakatika. Mama Natabo akawa anachungulia kupitia ua. Aliona gari jeupe la vioo vyeusi likisimama kwa Hersi. Alimwona Hersi akishikwa mkono na kuingizwa ndani yake, kama mkubwa. Maneno yakaenea. Kwenye kibanda cha chai, Hersi akiingia, watu walibadili mazungumzo.

Siku moja Mama Natabo alichoka kuchungulia. Akaenda kumuuliza ana kwa ana. Alibisha hodi. Kisha akasikia sauti ndogo ikiita kutoka bafuni. Hersi alikuwa sakafuni. Alikuwa amelala pale tangu alipoanguka alfajiri.

Alimwinua, akamwegemeza ukutani, akamletea maji. Hersi akawa anakitafuta kikombe kwa vidole. Hapo ndipo Mama Natabo alipoelewa. Hersi alikuwa haoni. Gari lile, Hersi akamweleza, lilikuwa la mkwewe, mume wa bintiye Fosia, la kumpeleka kliniki ya macho.

"Mama Sharon," Hersi alimwambia, "mimi ghorofa sina haja nalo. Nataka mtu wa kunisikia nikianguka. Tangu Habibo afe naita, na hakuna anayeitika."

Mama Natabo aliona haya. Lakini shaka yake juu ya jumba lile haikumtoka.

"Nimekusikia, Baba Fosia," akasema. "Sasa na wewe nisikie. Hati ya hilo jumba itakuwa na jina la nani?"

Hersi hakujua. Hakuwa ameuliza.

Baraza lililofuata walienda pamoja, Mama Natabo akimshika mkono. Akauliza swali lile lile mbele ya watu. Mgeni akasema hayo yataelezwa baadaye. Akaulizwa tena. Akatabasamu, akatazama simu yake. Ndipo Hersi akainuka.

"Nilisema ndiyo bila kuuliza," akasema. "Mpaka tulijue jina, ndiyo yangu nimeirudisha."

Wengine nao wakairudisha yao. Mgeni hakuonekana tena, na mpaka leo hatujui alikuwa mtu wa nani. Wapo Bulla Pesa wanaomlaumu Mama Natabo, kwamba alifukuza bahati ya wazee. Nao wana neno: wazee bado wanaanguka peke yao.

Yeye na Hersi walitoboa ua wao. Kila asubuhi Mama Natabo alipita pale na chai. Asubuhi aliyofariki, chai haikuja. Hersi aliita, hakuitikiwa. Akapita penye tundu la ua kwa kupapasa, akamkuta kitandani, ametulia. Yeye ndiye aliyempigia Sharon simu.

Sharon anatuambia kwamba matangani mtu asiyemjua alimpa pole, kwa upole sana. Kisha akamuuliza ploti sasa imebaki kwa nani. Sharon akageuka. Alimwita Mzee Hersi aje aketi kando yake.

Sharon, wajukuu, na wewe Mzee Hersi, poleni kutoka kwetu sote. Mungu ampumzishe Mama Natabo mahali pema.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tafakarini haya. Kesho nenda umbishie hodi mzee aliye jirani yako, umsikie akiitika. Na ukimkuta na mgeni mpole anayemshikisha kalamu, usiondoke. Vuta kiti, ukae hapo.