Risala ya Wauguzi wa Moshi Kuhusu Daktari Sirili na Macho ya Mama Yake

Mgeni rasmi, Bwana Mkubwa wa Tiba uliyetufikia kutoka Dar es Salaam. Mabibi na mabwana:

KARIBU

Karibu Moshi. Harufu hiyo ni ya chokaa. Kuta zimepakwa jana kwa heshima yako. Wagonjwa wa barazani tumewahamishia nyuma, wasije wakakuharibia ziara kwa kuugua mbele yako.

TULIKOTOKA

Zamani hatukuwa na daktari Mwafrika. Ndipo Sirili, mtoto wa Mama Mektrida wa huko juu kwenye migomba, akapelekwa Makerere. Akarudi daktari kamili! Serikali ikafurahi mno, ikampa cheo cha msaidizi wa daktari. Tunashukuru. Cheo kizima kingemlemea kijana wa watu.

MAFANIKIO

Yapo, tena makubwa. Daktari bingwa wa macho hutufikia kila mwaka. Mwaka jana alifika, akapanda Mlima Kilimanjaro, akashuka na malengelenge. Sirili akamtibu miguu, ikapona kabisa. Macho ya watu yatatazamwa safari ijayo, mlima ukiruhusu.

Jioni ile Mama Mektrida alimwuliza mwanawe, "Huyo daktari ameondoka?"

"Ameondoka, mama."

"Na mimi je?"

Sirili akamgeuza uso kwenye mwanga wa taa. Mtoto wa jicho alikwisha kulifunika jicho la kulia la mama yake, na la kushoto lilikuwa limeanza. Ugonjwa anaujua, kausoma. Kuupasua hajafundishwa, na mafunzo hayo yako Uingereza. Roho ilimuuma, akajiona daktari wa bure.

MATATIZO

Hapa kosa ni letu. Baadaye mwaka huohuo tulimsomea mgeni rasmi aliyekutangulia ombi la Sirili kwenda kusomea ubingwa wa macho. Akatikisa kichwa, juu chini, juu chini. Sisi washamba tukadhani amekubali! Tukachinja mbuzi, pombe ya mbege ikanywewa, na Mama Mektrida akamfumia mwanawe sweta la baridi ya Uingereza, kwa kupapasa. Miezi ikapita, kimya. Ndipo karani mmoja akatufumbua macho: wakubwa hutikisa kichwa kuonyesha kwamba wanasikia.

Tunaomba radhi kwa kuelewa vibaya. Mbuzi, kwa bahati mbaya, hakuweza kurudishwa. Sweta liko sandukuni. Sirili hana moyo wa kulivaa hapa Moshi.

OMBI

Hatuombi chuo kikuu cha Tanganyika. Tumeambiwa kitakuja wakati wake ukifika, nasi kusubiri tumekubuhu. Tunaomba nafasi moja tu ya masomo ya ubingwa, apewe Sirili, mwaka huu.

Mama Mektrida mwenyewe yupo, mstari wa mbele, kitambaa cheupe kichwani. Jicho la kushoto nalo limekwisha kuziba. Ameshuka mlimani kwa miguu, akishikwa mkono na mwanawe, aje asikie jibu. Kwa hiyo, Bwana Mkubwa, ukikubali, sema. Ukikataa, sema pia. Ila usitikise kichwa tu, maana huyu mama hatakuona.

Mungu akujalie safari njema, na akulindie macho yako hadi uzeeni.

Ni sisi,
Wauguzi na Watumishi Waafrika wa Hospitali, Moshi.
Imesomwa kwa niaba yao na Thadeus, muuguzi wa wodi ya wanaume.