Bibi Theopista na Jina la Elizabeti

Tarehe 31 Desemba 1958 Bibi Theopista, mkunga wa zahanati yetu hapa Mpanda, anastaafu baada ya kazi ya miaka ishirini na mitatu. Wenzangu wamenichagua mimi, Dionizi, dresa, mfunga vidonda, mkongwe kuliko wote, niandike habari zake. Nimekubali kwa moyo mzito kidogo, na sababu yake itaonekana.

Alianza mwaka 1935 kule Ikola, akizalisha wake wa wavuvi, akahamia hapa 1948, reli haijafika bado. Waume walimwogopa kuliko mkaguzi. Bwana Faustini wa mgodini alikuja na ngoma kumsubiri mtoto wake wa kwanza. Alipewa ndoo, akachota maji mpaka mtoto alipotoka. Mizani yetu ilipoharibika, watoto walipimwa wiki tatu kwa mizani ya sukari ya Amri mwenye duka, naye Amri akalalamika kwamba wateja wa namna hii hawanunui kitu.

Ningeweza kuishia hapo tukacheka. Lakini ningekuwa mnafiki.

Mwaka 1954 aliletwa Josephina wa Mwamkulu, mimba ya miezi saba, uchungu umemwanza kabla ya wakati. Mtoto wa kike alitoka hana pumzi. Nilikuwa chumba cha pili nikichemsha sindano, mlango wazi. Mtoto hakulia hata kidogo. Kwa wenyeji wetu mtoto asiyelia hapewi jina wala hawekewi matanga. Wanawake humzika kimya, yamekwisha. Daftari letu nalo lilikwenda hivyo hivyo: aliyezaliwa hai huandikwa jina, aliyezaliwa mfu hupigwa mstari. Josephina alilia, akaomba mwanawe aitwe Elizabeti. Bibi Theopista akaandika Elizabeti. Huruma tu.

Siku ya tatu akaja askari. Mawifi wa Josephina walikuwa wamesema alikunywa mizizi ya kutoa mimba. Askari aliomba daftari, nami nikampa. Akaliona jina, na kwake lilikuwa ushahidi kwamba mtoto alizaliwa hai kisha akauawa. Kwa sheria, mtoto hahesabiwi mtu wa kuuawa mpaka atoke tumboni mwili mzima, akiwa hai. Kutoa mimba ni kifungo. Kuua mtoto ni kitanzi. Nilijua ukweli. Nikaogopea kazi yangu, nikafyata ulimi.

Mji ukawaka. Padre alihubiri kwamba kiumbe ni mtu tangu siku ya kwanza. Amri akabisha dukani kwamba roho hupulizwa baada ya miezi minne. Wazee wa Kibende, wenyeji wa hapa, waliwashangaa wote wawili: asiyelia ana jina gani? Kila mtu alikuwa na jibu lake, na Josephina alikuwa mahabusu, maziwa yakimchuruzika.

Bibi Theopista hakubishana na mtu. Alikwenda mwenyewe bomani, akasimama mbele ya Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, akaapa kwamba mtoto hakuvuta pumzi na kwamba jina aliliandika yeye, kinyume cha amri. Akaulizwa kama Josephina alikunywa dawa. Akajibu kwamba hakuona dawa, na asichokiona hawezi kukiapia. Akaulizwa kama kwa maoni yake yule alikuwa mtu. Loo, swali gani hilo! Akasema yeye alimpokea mikononi, akamwosha, akamfunika. Zaidi ya hapo waulizwe wenye vitabu.

Josephina aliachiwa. Shtaka la mizizi nalo lilikosa shahidi, mawifi wakageuza maneno. Bibi Theopista alipewa barua ya karipio, akanyimwa cheo cha mkunga mkuu, akaamriwa alifute lile jina. Alilipitishia penseli, hafifu hivi kwamba linasomeka mpaka leo. Mimi hakunilaumu hata mara moja, na hilo limeniuma miaka minne.

Sasa anarudi Ikola kwa dada yake. Mchele wa sherehe umetoka Mwamkulu; Josephina ameuleta, na amekataa mtu mwingine asiiguse sufuria.

Bibi Theopista, asante kwa mikono yako. Utusamehe tuliokuacha ukasimama peke yako bomani. Kapumzike, ule dagaa wabichi, ulale bila kugongewa mlango, na siku zako ziwe njema. Daftari umeniachia mimi. Askari akija tena kuliulizia, nitalibeba mwenyewe mpaka kwa Bwana Shauri, na safari hii nitafungua mdomo.