Mama Usikamue Aagwa Kando ya Shimo la Sindano

Leo Ijumaa muuguzi wetu wa dharura ya watoto hapa hospitalini, Mama Usikamue, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Kama unashangaa kwa nini viti vimepangwa nyuma ya chumba cha kufulia, kando ya shimo la kutupia sindano zilizotumika, ni yeye aliyetaka hivyo. Uongozi ulimsihi aagwe ukumbini. Wapi!

Jina lake la utani lilizaliwa mlangoni. Mtoto akiletwa kachomwa na sindano ya kuokota, mzazi huwa keshamkamua kidole, au kakinyonya, eti anatoa sumu. Mama alifoka kabla ya salamu: usikamue, maji yanayotiririka na sabuni, basi! Baba mmoja, pande la mtu, alizimia mwanawe alipotolewa damu ya kupima. Mama alimruka, akamalizana na mtoto kwanza.

Kilichomkera zaidi ni makofi. Mtoto anayejua atachapwa huficha, na dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haingoji. Zikipita siku tatu haifai tena. Binti mmoja wa darasa la pili alificha siku tano kwa kumwogopa shangazi yake. Kilichobaki ni chanjo ya homa ya ini na miezi ya kusubiri vipimo. Mama alimshika mkono kila mara. Majibu yalitoka salama, lakini shangazi alikuwa amekonda, nasi tuliona haya kumtazama, maana sindano ile ilitoka hapa kwetu.

Ndiyo, hapa. Nina hasira na sifichi. Ukuta wa shimo hili ulibomoka miaka sita iliyopita. Mama ameulizia kila kikao, akajibiwa linashughulikiwa. Na nani, mchwa? Wahenga walituonya tuzibe ufa. Sisi hata ukuta wenyewe umetushinda, ila mapazia ya ofisini tumebadilisha mara mbili. Halafu leo tumpongeze kwa wingi wa watoto aliowatibu! Wingi huo ni aibu yetu. Yeye katusitiri tu.

Kochi la zawadi amelikataa, kwa heshima zote. Ameomba ukuta. Hajajibiwa.

Mama, asante kwa kila mtoto. Kapumzike, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na afya isikupungukie.

Nanyi wageni waalikwa, nawaona mnavyonyata kwenda kwenye viti, na mmevaa viatu vya ngozi. Watoto wanaokatiza hapa kwenda shule huvaa ndala.