Bwana Mawingu na Michungwa ya Kaka Yake

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Bwana Mawingu kwa kuwa alitazama juu kabla ya kumwamkia mtu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, wa pili na wa mwisho kwa mama yake.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, na mwaka 1973 akapata stashahada ya kilimo.

Alikuwa bwana shamba kwa miaka thelathini na mitatu. Kila asubuhi alisoma kipimamvua kabla ya chai. Aliwachosha wakulima kwa somo lile lile: mvua ya joto yenye upepo ndiyo inayobeba bakteria wa ugonjwa wa madoa kutoka jani bovu hadi zima, na mkasi kwenye mti uliolowa hufanya kazi hiyo hiyo. "Acha jani likauke kwanza," alisema, mpaka watoto wakawa wanamwigiza.

Tarehe 7 Agosti 1977 alifunga ndoa na fundi cherehani. Alipoulizwa kama anamkubali, aligeukia dirishani. "Jibu," bibi harusi alimnong'oneza, "mvua itasubiri."

Aprili 1998 mvua ilinyesha siku tisa mfululizo, na madoa yakaingia kwenye michungwa ya kaka yake. Kaka alimsihi afanye lolote, leo hii. Mganga hajigangi: marehemu alishika mkasi, akakata matawi mti baada ya mti huku maji yakimchuruzika mikononi. Wiki tatu baadaye miti yote mia mbili na kumi iliugua, ikang'olewa na kuchomwa moto. Kaka alimnunia miaka kumi na tisa. Kumnunia mdogo wako ni rahisi kuliko kukiri kosa lako, ingawa huchosha.

Mwaka 2017 marehemu alianza kuugua moyo, na kaka akaenda kumjulia hali.

"Kaka, nilikata miti ikiwa imelowa," alisema, hata salamu hazijaisha.

"Najua. Mimi ndiye niliyekuharakisha."

Baada ya hapo walikunywa chai pamoja kila Jumapili, wakibishana kuhusu mawingu, hadi alipofariki Jumanne iliyopita, saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajasoma kipimamvua.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na kaka mmoja, ambaye ndiye anayewasomea haya. Kipimamvua sasa ninakisoma mimi. Leo hakikuwa na hata tone.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Majani yamekauka.