Vidonge vya Mgongo na Ulimi wa Shoga Yangu

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu wote hamjambo. Mwenyekiti amekuwa akiniomba nisimame hapa tangu kikundi chetu cha kukopeshana kihamie huku Mchikichini, na mimi kila mara namwambia wiki ijayo, wiki ijayo. Leo nimesimama kwa sababu kuna dada mmoja kati yetu alinivuta pembeni akaniuliza kama ni kweli nilirogwa. Hapana jamani, sikurogwa. Habari yangu wengi mnaijua nusu, na hiyo nusu mnayoijua ndiyo yenye uongo. Kwa hiyo nisikilizeni mpaka mwisho.

Jina la mtu sitalitaja. Atakayemjua amjue, lakini si kwa kinywa changu.

Mimi ni mtoto wa Ilala, na tangu nimeachika maisha yangu yote yamekuwa Kariakoo. Nilikuwa na shoga yangu, tumekua pamoja, mama zetu walikuwa wakiazimana chumvi. Tulipata fremu ya duka, chini ya ghorofa la bibi mmoja wa Kihindi, tukawa tunauza nguo za watoto wachanga: vifulana, soksi, vyandarua vidogo, mablanketi. Mkataba uliandikwa majina yetu wote wawili. Ndugu zangu, nawaambia, mimi na yule tulikuwa tunakula sahani moja. Nikiumwa mgongo yeye ndiye alikuwa ananikanda.

Na mgongo uliniuma sana. Kubeba mabelo ya nguo na kusimama kutwa kulikuwa kumeniharibu. Kama wengi wenu hapa, nilikuwa nakwenda duka la dawa na kusema tu, "Nipe za mgongo." Napewa ibuprofeni, vile vya rangi ya waridi, nakunywa na chai, naendelea na kazi. Miaka na miaka sikuwahi kuona tatizo.

Siku moja nikameza kama kawaida, mchana kichwa kikaanza kuuma. Si kile cha kuminywa minywa na jua, hapana. Hiki kilikuwa kama mtu anakipasua kutokea ndani. Homa ikapanda, nikatapika, mwanga wa mlangoni ukawa unanichoma macho. Nilipotaka kuinamisha shingo nimwangalie mteja aliyekaa kwenye kigoda, shingo ikakataa. Ilikuwa ngumu kama mti.

Zahanati walinipima malaria, hakuna. Wakanishika kichwa wakajaribu kukikunja kifikie kifua, nikapiga ukelele, na hapo hapo wakasema nipelekwe hospitali kubwa. Huko wakaniambia wanashuku homa ya uti wa mgongo. Ndani yetu, akanieleza daktari, kuna utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, na utando wangu ulikuwa umevimba. Ili wajue kilichouvimbisha, ilibidi watoe maji kidogo mgongoni kwa sindano.

Hapo ndipo watu wengi wanakimbia hospitali. Tunasema ukichomwa sindano ya mgongo unapooza. Mimi mwenyewe nililia nikisema sitaki. Ninachowaambia leo ni kwamba walinilaza kiubavu nikajikunja kama mtoto tumboni, wakanitia ganzi, nikahisi kusukumwa tu. Miguu yangu ndiyo hii nimesimamia.

Wakati majibu yanasubiriwa walinianzishia sindano za kuua bakteria, maana homa hiyo ikiwa ya bakteria haimsubiri mtu, inaua au inaacha uziwi. Majibu yakaja: maji yana dalili za uvimbe, lakini bakteria hakuna, hata walipoyaotesha maabara hakikuota kitu. Wakasimamisha zile sindano. Daktari akasema mara nyingi homa ya namna hii inaletwa na virusi, na vingi kati ya hivyo huenezwa kwa mikono isiyonawiwa. Wakati mwingine ni matubwitubwi, au virusi vya UKIMWI vinapoingia mwilini, ndiyo maana wakanipima na hivyo pia. Sikukutwa navyo. Wakanipa maji ya mshipani na panadoli, wakanilaza chumba chenye kivuli. Baada ya siku chache nikawa mzima, nikarudi dukani. Shoga yangu alinipokea kwa vigelegele.

Basi. Tukasahau.

Miezi ikapita. Siku hiyo tulipokea mzigo, mgongo ukanikamata mpaka nikakaa sakafuni. Shoga yangu akafungua pochi yake, akatoa vile vile vya rangi ya waridi. "Chukua hivi, nimenunua jana," akaniambia, akanimiminia na chai kwenye kikombe chake mwenyewe. Nikameza viwili mbele ya macho yake. Adhuhuri haijaadhiniwa, kichwa kile kile kikaja, na safari hii kilikuja na kupotea akili. Nilianguka juu ya mablanketi ya watoto. Yeye ndiye aliyenibeba kwenye bajaji, yeye ndiye aliyenishika tukipita Mnazi Mmoja natapika kwenye mfuko. Hayo mazuri yake nayasema kwa sababu ni kweli.

Pale mapokezi, daktari alimwuliza, "Kuna dawa yoyote ametumia leo?"

Nilimsikia akijibu. Nilimsikia kama mtu anayezungumza ng'ambo ya ukuta. Alisema, "Hapana daktari. Tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni."

Ulimi wangu ulikuwa mzito, sikuweza kusema neno. Na nilipopata fahamu, maneno yale yalikuwa yamefutika kichwani, pamoja na vile vidonge.

Wakanichoma tena sindano ya mgongo, majibu yakawa yale yale: uvimbe upo, bakteria hakuna. Wakasema labda virusi tena. Wangesema nini kingine, wakati waliambiwa sijala dawa?

Nikapona, nikakaa nyumbani kwa kaka yangu Ilala nipate nguvu. Shoga yangu alikuja mara moja tu. Simu zangu akawa anapokea haraka haraka: "Niko na wateja, nitakupigia." Hakupiga. Mimi nikawa namwonea huruma, nasema maskini, kazi zote anafanya peke yake.

Siku niliyorudi Kariakoo, jirani yetu muuza vyombo aliponiona alirudi nyuma hatua. Nikamsalimia, "Mambo jirani?" Akaniitikia huku kaziba pua kwa mtandio. Nikafika kwetu. Kufuli ni jipya. Mizigo yangu imefungwa kwenye viroba, imewekwa ngazini, na mmoja ulikuwa umechanika, soksi za vichanga zinakanyagwa na wapita njia.

Nikapanda juu kwa yule bibi mwenye nyumba. Alipofungua mlango akashika kifua.

"Mwanangu! Mimi niliambiwa huwezi tena kazi."

"Nani alikwambia, mama?"

"Mwenzio. Alisema una homa ya uti wa mgongo ya kuambukiza, watu wanaogopa kununulia watoto wao nguo ulizoshika. Akasema umemtuma aandikishe mkataba jina lake peke yake."

Nikakaa kwenye ngazi. Bibi akakaa pembeni yangu, na magoti yake mabovu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba soko zima limeambiwa kuwa hospitali walinipima UKIMWI. Shoga yangu hakusema nimekutwa nao, alisema tu "walimpima," kisha akabetua midomo. Ninyi mnajua kubetua midomo kunavyosema.

Jamani, jambo la kupimwa kwangu nilimwambia mtu mmoja tu duniani. Nilimwambia nikiwa nimelala kitandani, nimemshika mkono. Na hata ningekutwa nao, je, ilikuwa habari yake kuuza?

Bibi yule aliniambia mkataba ameshausaini, kuuvunja ni kesi ndefu, na yeye ni mzee. "Lakini chini ya ngazi pale ni pangu," akasema. "Weka meza. Kodi tutaongea ukishapata nguvu." Nikaweka meza. Nikawa nauza soksi chini ya ngazi, nikimwona shoga yangu akiingia na kutoka kwenye duka langu. Alikuwa hanisalimii. Alikuwa ananipita kama mtu anapita nguzo ya umeme.

Kule kuinama chini ya ngazi kukauamsha mgongo. Nikaenda mwenyewe duka la dawa, nikasema mwenyewe, "Nipe za mgongo," nikameza mwenyewe. Saa haikuisha vizuri, shingo ikakaza.

Kaka yangu alinipeleka. Njiani analia, mtu mzima, anasema, "Dada, wamekuroga hawa, nitakupeleka kwa mtu." Nikamwambia, nipeleke hospitali kwanza, huko kwingine nitakwenda nikiwa hai.

Safari hii nilipata daktari wa kike, mtulivu. Alisoma faili langu lote, kisha akavuta kiti, akakaa karibu na sikio langu maana sauti ilikuwa inaniumiza.

"Mama, mara tatu homa hii, na zile mbili za kwanza hatukuona mdudu. Nataka unikumbushe. Leo, kabla kichwa hakijaanza, ulikula nini, ulimeza nini?"

"Vidonge vya mgongo."

"Vipi hivyo?"

Kaka akatoa karatasi ya vidonge mfukoni mwangu. Daktari akaitazama kwa muda. "Na mara ya kwanza?"

"Hivyo hivyo."

"Na ile ya pili? Hapa imeandikwa hukutumia dawa yoyote. Aliyekuleta ndiye alisema."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoisikia tena ile sauti ya ng'ambo ya ukuta. Hajatia kitu mdomoni. Nikaiona pochi ikifunguliwa, nikakiona kikombe chake. Nililia, na daktari akadhani ni kichwa, akaomba niongezewe panadoli. Haikuwa kichwa.

Daktari akanieleza kwamba dawa hiyo kwa watu wengi haina shida, wanaimeza na kupona. Lakini wapo wachache sana ambao mwili wao huikataa, na ukiikataa huvimbisha ule utando wa ubongo. Ukirudia kuimeza, huja haraka zaidi. Haonekani bakteria kwa sababu hayupo. Hata hivyo hakukata shauri kwa maneno tu. Alichukua maji ya mgongo tena, akayapeleka kutafuta bakteria na virusi, akanipima na damu, kwa sababu kuna ugonjwa ambao mwili hujishambulia wenyewe, na wenye ugonjwa huo ndio hupatwa na jambo hili zaidi. Vyote havikuonekana. Tiba yangu ikawa kuacha. Kuacha ile dawa na ndugu zake wote wa ukoo ule, diklofenaki na wenzake, mpaka daktari aseme vingine. Maumivu nitumie panadoli kwa kipimo, na mgongo niufanyishe mazoezi. Nilipona, na tangu hapo haijarudi.

Nilipopata nguvu nilimfuata. Niliingia dukani mchana, wateja wapo, nikasubiri watoke.

"Kwa nini ulimwambia daktari sijameza kitu?"

Alikuwa anakunja kifulana. Akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. "Niliogopa," akasema. "Ulikuwa unageuza macho. Ungekufa, wangesema nimekulisha sumu."

"Nilipoamka je? Nilipokuwa nyumbani kwa kaka? Ungeniambia hata mimi."

Akachukua kifulana kingine.

"Na duka?"

Hapo akaniangalia. "Duka lilikuwa linakufa. Mmoja wetu ilibidi abaki."

Nikatoka. Na niwaambie ukweli, ugonjwa haukuniuma kama lile neno, "ilibidi." Angesema amekosa, pengine leo tungekuwa tunazungumza.

Habari ilipovuja kwamba vidonge vilitoka kwake, wanawake wa soko walinijia kwa furaha. "Si tulisema! Alikuwa anakuwekea sumu! Twende polisi, twende tukamzomee!" Kwa siku mbili hivi, jamani, moyo wangu uliipenda habari hiyo. Neno moja tu kutoka kwangu, angehama mji. Lakini mara ya tatu nilimeza kwa mkono wangu mwenyewe, nimenunua mwenyewe. Vilikuwa vidonge halali, naye alinipa kwa nia njema. Nikasimama katikati ya uchochoro nikasema, "Huyu hakunipa sumu. Aliniacha nife kwa kunyamaza, akanisema uongo, akachukua duka langu. Hayo ndiyo makosa yake, msimwongezee." Wengine walinikasirikia. Mpaka leo wapo wasionisalimia kwa sababu sikuwapa mtu wa kumzomea.

Msiniulize kama nimemsamehe. Sijamsamehe bado. Nikifika mtaa ule navuka upande wa pili, na harufu ya nguo mpya za watoto bado inaniletea machozi.

Namshukuru Mungu aliyenipa uhai. Namshukuru daktari yule aliyevuta kiti. Namshukuru kaka yangu aliyeghairi kunipeleka kwa mganga, na bibi yangu wa ghorofani aliyenipa kivuli cha ngazi zake. Na ninyi, kikundi hiki, mlinipokea wakati wengine wananizibia pua, mkanikopesha mtaji wa kibanda nilicho nacho sasa hapa sokoni. Mwenyekiti, wewe siku ya kwanza ulinipa mkono na hukuufuta. Niliona.

Shingo ikikaza na homa, msikae nyumbani mkikisia, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, na sindano ya mgongo msiikimbie. Mkiulizwa mmemeza nini, semeni vyote, hata cha jirani, hata mizizi, hata kile mnachokionea aibu. Na wewe unayempeleka mgonjwa, ukiulizwa swali hilo na ukaona jibu la kweli linaweza kukutia matatani, liseme hivyo hivyo. Mwenzio amelala pale hawezi kusema, na mdomo alionao wakati huo ni wako.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.